Uzito wa Ijumaa Saa Kumi

Saa mbili asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Machi, Phelesia alining'iniza mizani kwenye boriti ya baraza ya zahanati akapima kwanza mtungi wa maji wa lita tano. Mizani ilisoma kilo tano na gramu mia mbili na kumi, kama ilivyosoma kila Jumapili kwa miaka minne. Ndipo alipomwita mtoto wa kwanza.

Zahanati hiyo iko nje kidogo ya Macalder. Ni ya Wasabato, kwa hiyo hufungwa Jumamosi na kufunguliwa Jumapili. Phelesia alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na orodha yake ilikuwa na watoto kumi na sita wa chini ya miaka miwili ambao waliwahi kukutwa wamekonda, hivyo walipimwa kila wiki. Mama zao walikuja moja kwa moja kutoka kwenye vijito wanakochekecha dhahabu, matope yakiwa yamefika magotini. Watoto walivishwa suruali ya turubai yenye mikanda, wakaning'inizwa kwenye ndoano, wakalia, wakashushwa.

Wote kumi na sita walikuwa wamepungua. Aliyepungua kidogo zaidi alipoteza gramu tisini, aliyepungua zaidi mia mbili. Phelesia aliupima mtungi mara ya pili. Mizani haikuwa na kosa. Aliandika alichokiona.

Muuguzi mkuu, Mokaya, aliuliza kama watoto walikuwa wanaharisha. Hakuna aliyeharisha. Aliwapima malaria, wakakutwa hawana. Akaandika kwamba sababu haijulikani, akaenda kunywa chai.

Watu wa Macalder hawashangai uzito ukipungua. Dhahabu iliyopimwa mtoni huwa nyepesi ikifika kwenye mizani ya mnunuzi, na hakuna anayeuliza imepotelea wapi. Akina mama waliwavisha watoto nguo wakarudi vijitoni.

Jioni ya kuamkia Jumapili hiyo, Clifford, mwana wa pekee wa Phelesia, alikuwa amepigana mjini Migori na kushinda. Clifford alikuwa na miaka ishirini na minne. Siku nne za wiki alichimba dhahabu shimoni, zilizobaki alifanya mazoezi ya ndondi katika ghala kuukuu chini ya kocha Angwenyi, Mkisii aliyekuwa bondia hadi jicho lake la kushoto lilipokataa kazi. Alipigana katika uzani wa unyoya, ambao mwisho wake ni kilo hamsini na saba. Siku za kawaida alikuwa na kilo sitini na mbili.

Utaratibu ulikuwa mmoja kwa mabondia wote. Mapambano yalifanyika Jumamosi baada ya jua kutua, kwa kuwa nusu ya mashabiki ni Wasabato, na uzito ulipimwa siku moja kabla, Ijumaa saa kumi. Kuanzia Jumatano Clifford hakunywa maji. Alikimbia juani akiwa ndani ya koti la mvua, akatafuna bazoka na kutema mate kwenye chupa. Ijumaa saa kumi alisimama kwenye mizani akiwa na kilo hamsini na saba kamili. Saa kumi na moja alianza kunywa. Alikunywa pakiti za chumvi za kutibu kuharisha, ambazo mama yake alizitoa kwenye mkoba wake wa kazi, kisha unga wa kurudisha uzito, ambao Angwenyi aliununua katika kopo jeusi la kilo moja. Jumamosi jioni aliingia ulingoni akiwa na kilo sitini na mbili, akampiga mtu aliyefanya vivyo hivyo.

Mwezi wa Aprili alipigana tena, na Jumapili iliyofuata watoto walikuwa wamepungua tena. Phelesia alilinganisha tarehe. Kisha akamwuliza Angwenyi ule unga ni wa nini hasa.

"Ni chakula tu, mama. Mwili ukishakauka unashika maji. Hata sifongo si ni hivyo?"

"Sifongo haizidi maji iliyoyanywa."

Angwenyi alicheka akasema ndiyo sababu kambi za ndondi haziruhusu wazazi.

Pambano la Mei lilipofika, Phelesia aliazima mizani ya watu wazima ya zahanati akaipeleka nyumbani. Alipima kila kilichoingia kinywani mwa mwanawe kuanzia Ijumaa jioni: maji, unga, wali, maharagwe, samaki. Alipima pia kilichotoka, kwa ndoo. Kufanya hivyo siku ya Sabato hakukumsumbua, maana aliona ni sawa na kumtoa ng'ombe aliyetumbukia kisimani, kama Injili inavyoruhusu. Baada ya kutoa kilichotoka, vilivyobaki ndani ya Clifford vilikuwa kilo mbili na gramu mia tisa. Lakini Clifford alikuwa ameongezeka kilo tano na gramu mia tatu. Kilo mbili na gramu mia nne hazikuwa zimepitia kinywani.

Jumapili alijumlisha walichopoteza watoto kumi na sita. Ilikuwa kilo mbili na gramu mia nne na sitini. Zile sitini aliziandika kuwa jasho.

Alimpelekea Mokaya karatasi hizo. Mokaya alizisoma zote, akarudia hesabu kwa simu yake, akakubali kwamba ni sahihi. Alisema kinachomsumbua ni taarifa ya zahanati. Kila mwezi ilionyesha watoto waliokuwa wakipata nafuu wakirudi nyuma, na wakubwa wake walikuwa wameanza kuuliza maswali.

"Kuanzia Julai tutapima Alhamisi," alisema. "Hao wanaokula watakuwa wamerudisha. Wale hawali, hao tunajua shida yao ni chakula."

Phelesia alimpigia simu daktari wa mashindano ya ndondi pia. Daktari alimsikiliza kwa adabu. Alisema amewahi kusikia habari hiyo kutoka kambi nyingine, ila kanuni inahusu uzito wa Ijumaa saa kumi. Uzito wa Jumamosi haupimwi na mtu yeyote, kwa hiyo kikanuni haupo. Mhudumu mwenzake wa Kehancha, ambako watoto hupimwa Jumatatu, alimwambia watoto wao hupungua kila anapopigana Gisiri, kijana wao. Kila bondia alichukua kwa watoto wa kwao.

Akina mama waliambiwa, kwa sababu Phelesia hakuona njia ya kutowaambia. Mmoja aliuliza kama Clifford anaumwa. Mwingine alisema heri ni Clifford anayejulikana. Aliyebaki nyuma alikuwa Irine, aliyetoka Nyamira na mume mchimbaji, mume akaendelea na safari, yeye akabaki na mtoto. Mtoto aliitwa Mosoti na alikuwa na miezi kumi. Irine aliuliza wa kwake alitoa ngapi.

"Mia moja na tisini."

"Kwani yeye ndiye mkubwa?"

"Hapana. Ndiye mdogo."

Irine alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hivyo ndivyo mambo yalivyo kawaida.

Fainali ya Juni ilikuwa Homa Bay, na haikuwa kama mapambano mengine. Idara moja ya serikali yenye timu ya ndondi ilikuwa imetuma mtu, na ilijulikana kwamba bingwa wa kila uzani ataajiriwa, apewe nyumba na mshahara wa kila mwezi. Clifford alikuwa anafika mwisho wa umri unaokubaliwa. Shimo alilochimba lilikuwa limewafunika wenzake wawili mwezi wa Januari, na mmoja wao hakutolewa. Baada ya mazishi ya yule aliyetolewa wachimbaji walihamia mita sita upande wa kushoto wakaendelea.

Mosoti alikuwa ametimiza miezi kumi na moja. Jumapili kabla ya fainali alikuwa na kilo saba kamili. Mstari wa mwisho kwenye chati ya kliniki kwa mvulana wa miezi kumi na moja ni kilo sita na gramu mia nane. Aliye chini yake huhesabiwa kuwa katika hatari ya kufa.

Phelesia alisafiri na mwanawe kwenda kumpikia. Ijumaa saa kumi, katika ukumbi wa Homa Bay, Clifford alivua nguo zote akapanda mizani nyuma ya taulo iliyoshikwa na watu wawili. Hamsini na saba. Mpinzani wake, Gisiri wa Kehancha, alikuwa na kilo hamsini na sita na gramu mia tisa. Walisimamishwa uso kwa uso wapigwe picha. Midomo yao ilikuwa imepasuka, na walipozungumza sauti zilitoka kama karatasi.

"Jaluo, umekauka kama omena ya juzi," alisema Gisiri.

"Na wewe ni kama tumbaku ya kwenu. Kesho nakuwasha."

Walicheka kidogo, kwa sababu kucheka sana kulihitaji mate.

Chumba walichokodi kilikuwa na kitanda kimoja na kiti. Clifford alilala chali, vidole vikiwa vimejikunja kwa ukavu. Angwenyi aliweka kopo jeusi kwenye kiti. Lilikuwa jipya. Clifford alilitazama, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, Mosoti yuko ngapi?"

"Saba."

"Na mstari?"

"Sita nukta nane."

"Nitamtoa ngapi?"

Phelesia alimwambia kwamba mara ya kwanza alikuwa amemtoa mia moja na arobaini, mara ya pili mia moja na sitini, mara ya tatu mia moja na tisini, na kwamba alikuwa na sababu ya kutarajia zaidi.

"Ukisema nisinywe, sinywi. Nitakunywa maji na chumvi, nile wali. Nitafika hamsini na tisa, tisa na nusu."

Phelesia alimwuliza Angwenyi Gisiri atakuwa na kilo ngapi kesho jioni. Angwenyi alisema sitini na mbili, pengine zaidi. Alisema Gisiri hupiga mbavu, na kwamba bondia wa mwisho aliyekutana naye bila kunywa unga alikojoa damu kwa wiki mbili na sasa anauza njugu kwenye stendi ya Oyugis. Hakusema ili kumtisha. Aliulizwa. Katika chumba cha pili ilisikika chupa ikitikiswa. Mtu alikuwa anakoroga kitu kizito.

Phelesia alikaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto alikuwa wa mtu mwingine, na kijana alikuwa wake. Alijua pia kwamba mtoto wa mtu mwingine alikuwa ameandikwa katika orodha yake yeye, kwa mwandiko wake. Hakutafuta hoja ya tatu.

"Kunywa," alisema.

Clifford alijaribu kufungua kopo. Vidole havikukunjuka. Alijaribu kulibana kifuani na kuzungusha kwa kiganja, kifuniko kikateleza. Phelesia alilichukua akalifungua. Alipima vijiko sita, akakoroga mpaka mabonge yakaisha, akamshikia kikombe.

Jumamosi jioni Clifford aliingia ulingoni akiwa na kilo sitini na mbili na nusu. Alianguka mara moja katika raundi ya pili, akaamka, akashinda kwa pointi. Mtu wa idara alichukua namba yake ya kitambulisho palepale.

Jumapili Phelesia alifika zahanati saa nne, amechelewa kwa saa mbili. Akina mama walikuwa wamekaa barazani wakingoja. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya kupima kabla ya utaratibu wa Alhamisi. Aliupima mtungi, kisha akaanza. Kila aliyeshushwa alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa, na kila mama alisoma mizani mwenyewe kabla haijaandikwa.

Mosoti hakulia aliponing'inizwa. Mizani ilisoma kilo sita na gramu mia saba na sitini. Phelesia alizungusha utepe wa kupimia unene kwenye mkono wa mtoto, ukasoma nyekundu, rangi ya hatari. Alimweleza Irine kwamba siagi ya karanga wanayopewa watoto wa namna hii haikuwapo stoo tangu Machi, na kwamba angemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Migori, ambako pengine ipo.

Irine alimfunga mtoto mgongoni.

"Hii iliyopungua ni ya Clifford?"

"Ni yake."

"Alishinda?"

"Alishinda. Wamemchukua."

"Afadhali," alisema Irine. Alikaza fundo la leso kifuani. "Sasa huko alipochukuliwa, watakuwa wanapigana mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwezi. Msimu ukiwa mkubwa, mara mbili."

"Na atakuwa anatoa watoto wa huko ama hawa wetu?"

"Hawa wetu."

Irine alifikiri. Nyuma yake mama mwingine alikuwa tayari anamvua mtoto viatu ili zamu yake isipite.

"Basi mtuambie tarehe mapema, mama Clifford. Nimlishe kwanza."

Phelesia aliona ombi hilo lina maana. Alichukua kijitabu cha kliniki cha Mosoti, akakifungua kwenye ukurasa wa tarehe za kurudi, na chini ya chanjo ya surua akaandika: tarehe kumi na nane Julai, Nairobi, raundi tatu.