Mguu wa Bibi Ulipokuja Kwenye Posa

Usiku wa kuamkia leo Zaituni binti Mfaume aliota anaposwa, na waliokuja kumposa ni vyuo viwili vya udaktari.

Si ndoto ya kushangaza sana ukiijua hali ya nyumba ile. Zaituni amefaulu kidato cha sita kwa alama ambazo majirani walidhani mashine imekosea. Akaomba udaktari, vyuo viwili vikamtaka, na utaratibu ni kwamba mtu akichaguliwa na viwili anathibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Asipothibitisha kabla siku ya mwisho haijapita, amekosa vyote, abaki nyumbani aoshe vyombo pamoja na alama zake. Siku ya mwisho ndiyo leo.

Namba ilitumwa kwenye simu ya baba yake, Mzee Mfaume, mwenye bucha sokoni Tabora. Na Mzee Mfaume, Mungu amhifadhi, siri ikimwingia sikioni hutokea mdomoni kabla haijapata joto. Aliyenunua nusu kilo alipewa nyama na habari: binti anakwenda Chuo Kikongwe, Dar es Salaam, chuo cha wakubwa. Hakuna aliyemuuliza binti. Na binti hakusema, maana tangu utotoni ni mtoto wa "ndiyo, baba". Lakini moyo wake ulikuwa Chuo cha Ziwani, chuo kipya ambacho nusu ya majengo yake bado ni matofali. Mwalimu mmoja wa huko alimpigia simu akamuuliza, "Na wewe mwenyewe unataka nini?" Zaituni alikosa jibu, kwa kuwa swali lenyewe hajawahi kukutana nalo.

Basi, katika ndoto ni asubuhi nyeupe, na sebuleni kumetandikwa mkeka mpya. Zaituni amewekwa nyuma ya pazia kama mwali. Anaingia mshenga wa Chuo Kikongwe. Ni mifupa mitupu ya mtu mzima, imevaa joho na tai.

"Karibu, Bwana Mifupa," anasema Mzee Mfaume. "Mbona umekonda hivyo?"

"Masomo," anajibu Bwana Mifupa.

Analetewa supu ya makongoro. Anakunywa kwa adabu zote, na supu inapita shingoni, inashuka katikati ya mbavu, inamwagika mkekani. Mkeka unapanguswa. Mgeni ni mgeni.

"Sisi hatuposi ovyo," anasema Bwana Mifupa, akijifuta kidevu ambacho hakina haja ya kufutwa. "Na waliosoma kwetu hawaongei na kila mtu."

"Umesikia!" Mzee Mfaume anamwambia mkewe. "Hawaongei na kila mtu!"

Mshenga wa Ziwani naye anaingia. Ni Kipimo, kile cha mpira ambacho madaktari hujitundika shingoni cha kusikilizia moyo. Kwa kuwa hana shingo ya kujitundika, anajiviringisha kwenye kona ya mkeka na kutulia.

"Na kwenu kuna nini?" Mzee Mfaume anamuuliza, kwa sauti ya mtu anayepunguziwa bei ya kitu asichokitaka.

"Kuna paa," anasema Kipimo. "Upande mmoja."

"Maktaba?"

"Ipo. Mwenye ufunguo amekwenda msibani."

"Na maiti wa kujifunzia?"

"Yupo mmoja. Mzee mpole sana, tumeshamzoea."

Mzee Mfaume anamgeukia Bwana Mifupa na kumwongezea supu.

Hapo hodi inapigwa tena, na unaingia mguu. Ni mguu wa kushoto wa Bibi, kuanzia goti kushuka, ule uliokatwa mwaka jana kwa sababu ya kisukari. Unaruka-ruka mpaka katikati ya sebule, umepakwa mafuta, kucha zimekatwa vizuri. Mzee Mfaume anasimama mara moja. Mguu wa mama ni mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mfaume. Umenenepa. Punguza soda, unajua kilichonifikisha hapa."

Mguu unakaa kwenye kiti cha wazee na kusema kwamba posa ya mjukuu haiwezi kusemwa bila yeye. Nyuma ya pazia Zaituni anaona haya mpaka masikio yanawaka, na si haya ya mwali. Mwaka jana, hospitalini, daktari aliyesimama kando ya kitanda cha Bibi alikuwa mtu wa Chuo Kikongwe, na kundi la wanafunzi nyuma yake. Aliueleza mguu kwa Kiingereza kirefu, akaondoka. Bibi hakuambiwa kitu. Mzee Mfaume alitoka pale anacheka peke yake: "Kiingereza kile, jamani!" Zaituni alikuwa amesimama na chupa ya uji, na Kiingereza chote alikielewa. Alijua mguu utakatwa kabla mwenye mguu hajajua, akanyamaza. Jambo lile linamuuma mpaka leo, na hajamwambia mtu.

"Sasa mwali aulizwe," anasema Bwana Mifupa.

Desturi unaijua. Mwali akiulizwa kama anamtaka mchumba, akanyamaza, basi amekubali. Desturi nzuri sana hiyo, hasa kwa wasiotaka kusikia jibu.

"Zaituni, mwanangu," anasema baba yake, "unakitaka Chuo Kikongwe?"

Zaituni anafungua mdomo. Ulimi upo, lakini umelala fofofo. Wanawake wanapiga vigelegele. Bwana Mifupa anapitisha mkono kwenye pazia na kumvisha tai shingoni.

"Kimya cha kwanza," anasema. "Vikitimia vitatu, ndoa imepita, na ndoa yetu haina talaka."

Hakuna aliyeinuka, lakini mkeka sasa ni wodi. Mguu umelala kitandani, umefunikwa shuka. Wanafunzi wamejazana, na Bwana Mifupa anafundisha. Anaongea Kiingereza, na kila neno linadondoka sakafuni na kulia kama kijiko. Wagonjwa wanayaokota maneno, wanayageuza-geuza, wanaulizana kama yanaliwa.

"Samahani, mwalimu," unasema mguu kutoka chini ya shuka. "Mimi nina mwenyewe."

"Mwenyewe tunamsoma mwaka wa tano," anasema Bwana Mifupa. "Kwa sasa tumefika gotini. Kuna mwenye swali?"

Zaituni analo. Linampanda kifuani, linafika kooni, linakuta ulimi umelala mlangoni, linarudi. Anavishwa tai ya pili.

Anakimbia. Korido ni ndefu na ina milango. Anafungua wa kwanza. Ndani wamo waliofukuzwa chuo kwa kufeli, wale ambao wanafunzi husema wamedisko, na kweli wanadisko, wamevaa makoti meupe, jasho linawatiririka, muziki unatikisa bati.

"Umeangushwa na somo gani?" mmoja anamuuliza bila kuacha kucheza.

"Bado sijaanza."

"Basi umewahi. Funga mlango, baridi inaingia."

Anafungua mlango wa pili. Ni bucha la baba yake, na foleni ya wateja imefika barabarani. Bwana Mifupa ananing'inia kwenye ndoano kando ya mbavu za ng'ombe, ametulia kama yuko kwao. Mzee Mfaume ananoa kisu huku anatangaza, "Nusu kilo hiyo, na binti anakwenda Kikongwe! Robo hiyo, na binti anakwenda Kikongwe!" Uso wake unang'aa kwa furaha, na Zaituni anampenda baba yake pale, na mapenzi yenyewe ndiyo yanayomkaba kuliko zile tai.

"Muulize mara ya mwisho," anasema Bwana Mifupa kutoka ndoanoni.

"Mwanangu, unakitaka Chuo Kikongwe?"

Foleni nzima inanyamaza isikie atakavyonyamaza. Kipimo anampanda Zaituni begani, anapenya katikati ya tai, anaweka sikio lake la baridi kifuani.

"Nasikia," anasema. "Kinasema Ziwani, Ziwani, Ziwani. Kwa sauti kubwa sana, hata naumia."

"Basi waambie!" Zaituni anamsihi kwa macho.

"Mimi kazi yangu kusikia. Kusema ni kwa mwenye kifua."

Ndipo mguu wa Bibi unaporuka kutoka juu ya gogo la kukatia nyama na kumkanyaga Zaituni kidole gumba, kwa kisigino, kwa nguvu zote za mguu usio na mwili wa kuuzuia.

"Mwaka jana ulinyamaza, nikaenda mimi," unasema. "Leo ukinyamaza, unakwenda wewe."

"SITAKI!" Zaituni anapiga kelele. "Nataka Ziwani!"

Ndoano inakatika. Bwana Mifupa anaporomoka mezani vipande vipande. Mzee Mfaume, kwa mazoea tu, anavizoa na kuvitia kwenye mizani.

"Hiyo ya supu?" anauliza mteja wa mbele.

Lakini Mzee Mfaume hamjibu. Anamtazama bintiye, na machozi yamemjaa.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Zaituni akaamka. Kumekucha, kuku wanagombana uani. Alipofika sebuleni alimkuta baba yake na chai na chapati, simu mkononi, miwani puani, tayari kabisa. Mama yake anamimina maziwa. Bibi, Bi Mwanakheri mwenyewe, mwenye mguu mmoja na maneno ya watu watatu, ameegemea mto kwenye kitanda chake kando ya dirisha.

"Haya, siku ndiyo hii," alisema Mzee Mfaume. "Nathibitisha Kikongwe. Una neno?"

Aliuliza kama mtu anavyouliza "umeshiba?" huku anaondoa sahani.

"Ninalo, baba." Sauti ilitoka imekwaruza kama ya shabiki aliyetoka uwanjani. "Mimi nataka Ziwani."

Kidole cha Mzee Mfaume kikasimama juu ya simu.

"Wao waliniuliza ninachotaka," Zaituni alisema, haraka, kabla ulimi haujalala tena. "Baba, yule daktari aliongea na mguu wa Bibi. Bibi mwenyewe hakumsemesha. Na mimi nilielewa kila neno, nilijua wataukata, nikanyamaza kwa sababu wewe ulikuwa umefurahi. Nisamehe, Bibi. Sitaki kwenda kusomea kunyamaza. Kunyamaza nimeshafaulu."

Mzee Mfaume alifungua mdomo. Akalifikiria soko zima, foleni yake, nusu kilo zake zote. Akaufunga. Akaitazama chai, akamtazama mkewe, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kukoroga maziwa. Chapati ikapoa.

"Amenyamaza," alisema Bibi kutoka kitandani. "Na kwetu sisi anayenyamaza amekubali. Mfaume, mpe mtoto simu."

"Mama, mimi sijase..."

"Ndiyo nimesema hujasema. Mpe simu."

Mzee Mfaume alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja, akaisukuma simu mezani kwa kidole kimoja. Zaituni alibonyeza namba moja moja. Simu ikalia kidogo, jibu likaingia, na mambo yakawa yamekwisha.

"Umesamehewa," Bibi alimwambia. "Sasa niletee mafuta ya nazi unichue."

"Wapi, Bibi?"

"Huku." Alionyesha shuka mahali palipolala tambarare, ambapo mguu wa kushoto haukuwepo. "Tangu alfajiri kisigino kinaniuma. Utadhani usiku kimekanyaga mtu."

Zaituni aliinuka kufuata mafuta, akachechemea. Kidole gumba kilikuwa kimevilia damu.