Yai Lenye Mwiba Ubavuni

Willis aliandika kwamba ninaona mayai yasiyokuwepo. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa kwenye maabara ya zahanati, baada ya miaka ishirini na tisa ya kupima choo cha watu wa ufuo huu wa Karungu. Yeye alikuwa msimamizi mpya. Mimi, Orpah, macho yangu yalikuwa yamechoka, alisema. Kichocho nakijua. Ukiingia ziwani kinakupenya kwenye ngozi, na mayai yake hutoka na choo, kila yai na mwiba wake ubavuni. Nimeyaona mengi kuliko mtama niliopepeta.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Majirani wakaacha kuniita daktari. Shemeji yangu akanitania kwamba siku hizi naona mayai hata kwenye uji, nami sikucheka.

Ndipo akaja Daktari Okari wa mambo ya kale. Kwenye kilima nyuma ya kwetu kuna boma la mawe ambalo wenyewe walilihama kabla babu wa babu hajazaliwa. Okari hakutaka vigae wala shanga. Alitaka mavi. Alieleza kwamba udongo wa mahali watu walipojisaidia huhifadhi mayai ya minyoo kwa mamia ya miaka, na akilipata la kichocho, tutajua ugonjwa huu uliwatesa hata wale wa kale. Nikamwambia mayai hayo nayajua. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akanipa kazi ya kuosha chekeche kwenye hema alilopiga pale kilimani.

Nilikubali. Hadubini ilikuwa kwenye hema lile lile, na nilitaka kusafisha jina langu. Sioni sababu ya kuficha.

Wiki tatu tuliambulia patupu. Siku sita kabla kibali cha kuchimba hakijaisha, Okari aliinuka kwenye hadubini akicheka peke yake. Yai! Akaagiza soda kwa kila mtu, akampigia mkuu wake simu. Nilipoomba kuchungulia hakuninyima, maana mtu mwenye furaha hanyimi.

Yai lilikuwepo, na mwiba wake. Lakini ndani yake kitoto cha mnyoo kilikuwa kinajipindua.

"Daktari, hii kitu inacheza."

"Mama Orpah, hiyo ilikufa miaka mia nne iliyopita."

"Basi imefufuka. Mlisuuza na maji ya wapi?"

Vijana wake wa kuchimba wakaligeukia jerikeni lililokuwa mlangoni. Tangi la maji ya mvua lilikuwa limekauka, na asubuhi ile mmoja wao alikuwa ameshuka nalo ziwani. Yai lile lilikuwa la mtu wa jana, labda mtu ninayemsalimia kanisani. Okari aliketi juu ya ndoo, soda mkononi, akifikiria simu aliyokwisha kupiga. Nilimwonea huruma kweli. Baadaye akainuka, akafuta kiti cha hadubini kwa kiganja chake, akaniambia nikikalie mimi.

Nikamwambia bado, kwanza nina neno. Shimo walilokuwa wakichimba lilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, ile inayotazama lango, nyumba ya mwenye boma. Mkaza mwana hajisaidii anapojisaidia baba mkwe wake. Kisii nilikozaliwa ni mwiko, na kwa Wajaluo nilikoolewa ni mwiko; Zadock, mume wangu, alinichimbia choo changu kabla hajamaliza kuezeka nyumba.

"Mmechimba kwa mzee," nilisema, "na mzee hachoti maji. Wanaoingia ziwani ni wake za watoto wake. Tafuteni kwao."

Okari ni Mkisii kama mimi. Alijipiga kipaji cha uso kwa aibu, kwa sababu mwiko huo alilelewa nao, akausahau chuoni.

Upande wa chini wa boma, penye nyumba za wana, kulikuwa na kilango kidogo, na nje yake bonde lililojaa majani ya kuwasha, yale yanayopenda kuota palipokuwa na mavi. Wakachimba hapo. Walipofika kina cha mkono mmoja, udongo ukawa mweusi na laini. Tukauloweka siku tatu kwenye dawa. Maji ya kusuuzia nilileta mwenyewe kutoka kwangu, ya mvua, yamechemshwa na kuchujwa, na sikumruhusu mtu kugusa kifuniko. Slaidi moja niliiwekea maji hayo matupu, ili tuwe na uhakika kwamba hayana kitu.

Siku ya mwisho, kwenye slaidi ya kumi na moja, nililiona. Rangi ya chai ya rangi, tupu ndani, upande mmoja umebonyea, na mwiba ubavuni. Nililia, kisha nikapiga vigelegele mpaka mbuzi wa kilimani wakakimbia. Okari alichungulia kwa muda mrefu sana.

"Hii haichezi," alisema.

Kufikia saa kumi nilikuwa nimehesabu tisa. Wataalamu wawili wa Nairobi walizisoma slaidi zile zile bila kuambiwa hesabu yangu, na kila mmoja akapata tisa. Kwenye ripoti, palipoandikwa msomaji, lipo jina langu kamili.

Okari aliporudi na ripoti, chifu aliita baraza ili watu wajionee. Willis alikuja amevaa tai. Nikaweka slaidi, nikamkaribisha wa kwanza, kama mgeni wa heshima. Aliinama, akarekebisha kioo, akaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

"Naliona vizuri kabisa. Hata mwiba wake."

Nilimwomba awaambie watu mwiba uko upande gani. Akasema kushoto. Nikaitoa slaidi, nikampa chifu asome kibandiko kwa sauti. Kiliandikwa: maji matupu ya mvua, hakuna kitu.

"Willis," nilisema, "umeona yai lisilokuwepo."

Baraza lilicheka mpaka shemeji yangu akashika mti. Mimi nilisimama tu, moyo umejaa, nikiwasikia wakiniita daktari huku na huku. Kisha nikaweka slaidi ya kumi na moja, nikamshika Willis bega, nikamwambia aangalie tena, polepole. Safari hii alikaa muda mrefu, na jasho likamtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba haoni, nimwonyeshe.

Nikamwonyesha.