Vitu vya Watu Chumbani kwa Mama

Kuna watu wakikwambia "niwekee hapa kidogo," ujue wameshakuhamia. Dada hakulijua hilo mapema, ndiyo maana chumba chake cha pili kilikuwa na hodhi la kuogea lililosimamishwa wima ukutani, na yeye mwenyewe anaoga kwa ndoo.

Hodhi lilikuwa la Mhandisi, mdogo wake anayemfuata. Alilinunua kwa ajili ya nyumba ambayo mpaka leo ni msingi na majani. Milango na fremu za madirisha za nyumba hiyo hiyo zilikuwa nyuma ya hodhi. Mwalimu, mdogo wao wa kike, alileta seti yake ya makochi siku aliponunua mapya, yakiwa bado na nailoni ya dukani, maana hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuyakalia kwa raha. Kitindamimba alileta mashine ya kukimbilia, friji lisilogandisha na masanduku ambayo hata yeye hakumbuki yana nini. Wote watatu walikuwa na nyumba kubwa kuliko ya Dada. Lakini nyumba zao zilikuwa za kupokelea wageni. Ya Dada, mshonaji wa sare za shule, ilikuwa nyumba ya dada mkubwa, yaani ya kila mtu.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomkaba koo ni kwamba mama yao alivunjika nyonga, na sasa daktari alisema Ijumaa anatoka hospitali. Awe na chumba chake, daktari akasisitiza, na njia pana ya kupita na kile kigari cha kujishikizia anapotembea. Akianguka tena, huenda asisimame maisha.

"Mama atakaa kwako," Mhandisi alisema kwenye simu. "Wewe ndiye mwenye nafasi."

"Nafasi ipi? Njoo uchukue hodhi lako."

"Dada, wiki hii nimebanwa kweli. Tutaongea."

Mwalimu naye alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kitindamimba hakupokea simu kabisa. Dada akawaandikia kwenye kundi la familia, kwa herufi kubwa, kwamba kila mtu aje achukue chake kabla ya Ijumaa. Badala ya magari, zikaja picha. Mwalimu alituma chumba cha watu wa magazetini: rafu mpaka darini, viti vimetundikwa ukutani, makapu yamepangwa chini ya kitanda. "Tumia kuta, Dada," akaandika. "Kuta zako zimekaa bure." Mhandisi akaongeza kwamba tatizo la watu wengi si nafasi, ni mpangilio. Kitindamimba akaweka kidole gumba.

Mpangilio. Mtu kaegesha hodhi chumbani kwa mwenzake, halafu anamfundisha mpangilio.

Hata hivyo alitii, maana dada wakubwa ndivyo walivyolelewa. Alimwita seremala wa ng'ambo ya barabara, wakapiga rafu ukuta mzima. Hodhi wakalisukumia pembeni, milango wakailaza juu ya kabati. Friji likageuzwa mahali pa kuwekea majora ya vitambaa. Mashine ya kukimbilia ikakunjwa nyuma ya mlango, na fremu za madirisha zikapangwa juu ya makochi. Yakabaki masanduku ya Kitindamimba, yasiyo na pa kwenda. Basi wakakinyanyua kitanda cha mama kwa matofali, tabaka juu ya tabaka, wakayasukumia chini yake. Njia ikapatikana katikati. Dada akasimama mlangoni akajisifu kimoyomoyo, akapiga picha na kuituma kwenye kundi.

"Umeona sasa?" Mhandisi akajibu. "Kumbe nafasi ilikuwepo."

Ijumaa mama akaletwa na gari la hospitali. Aliingia chumbani polepole, akisukuma kigari chake, akipongeza rafu mpya. Akakifikia kitanda. Kilimfika juu ya kiuno.

Dada alikuwa amepima makochi, amepima friji, amepima hata mapengo ya ukutani, na mwenye chumba hakumpima. Mama alikipapasa kitanda kwa kiganja, kisha akageuka kutafuta pengine pa kukaa. Kwenye makochi zilikaa fremu. Akabaki amesimama katikati ya ile njia, miguu inamtetemeka.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Nimekuja kuwabana."

Mwanamke aliyewalea watoto wanne katika chumba kimoja, bila kumwambia hata mmoja wao kwamba pamejaa, leo anaomba radhi kwa hodhi na friji bovu. Dada alimshika mkono, akamkalisha kibarazani kwenye benchi la wateja, akamfunika shuka miguuni. Hasira aliyokuwa akiimeza miaka yote ikagoma kumezwa. Akavuka barabara kumfuata seremala.

"Tunaongeza rafu?" seremala akauliza.

"Tunatoa. Vyote, uani."

Seremala akaita wenzake, vikatoka kimoja kimoja, kochi kwa kochi. Kitanda kikashushwa chini, na uani hapakuwa na pa kukanyaga. Juu, wingu zito lilikuwa limetanda. Dada akapiga picha nyingine, akahakikisha wingu linaonekana vizuri, akaandika: "Kuta zimejaa. Mvua inakuja."

Siku zote mama alizolala hospitali, watoto wake hawa walimjulia hali kwa simu, na foleni barabarani ndiyo iliyolaumiwa. Alasiri hiyo foleni haikuwepo. Mhandisi alifika na gari la mizigo, akaliacha nje ya geti. Mwalimu akaja na turubai kubwa, na Kitindamimba akaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. Walipita mbele ya kibaraza mbio, hata shikamoo hakuna. Mhandisi alivua koti akaanza kulifunika hodhi, lisilowe. Hodhi la kuogea, lisilowe maji.

Mama alinyoosha shingo kuwatazama, uso ukamchangamka.

"Wamekuja wote," akamwambia Dada kwa sauti ya chini. "Na wewe ulisema wana kazi nyingi. Kumbe walikuwa wananisubiri nitoke."

Dada alishuka ngazi, akaenda getini, akafunga kufuli na kuutia ufunguo kifuani.

"Dada, unafanya nini?" Mhandisi akasema. "Fungua tupakie, mvua hiyo."

"Mama anadhani mmekuja kumwona. Nendeni mkamwone."

"Tukishapakia tu—"

"Hapa hakipakiwi kitu."

Wakatazamana. Kule kibarazani mama alikuwa ameanza kusogea kwenye benchi kwa maumivu, anawapisha wakae. Mwalimu ndiye wa kwanza kuinamisha kichwa. Wakapanda mmoja mmoja, wakaamkia. Mama akawashika mikono, akauliza wajukuu hawajambo, akauliza kama wamekula, akawashukuru kwa kuacha shughuli zao.

Mvua ikashuka bila kubisha. Ikapiga kwenye nailoni za makochi, ikalowesha milango, koti la Mhandisi likateleza matopeni. Akainuka.

Mama akamvuta mkono. "Kaa, baba. Utalowa."

Akakaa.