Kundi la Tatu

Muuguzi wa kiwanda cha nguo alijumlisha namba za baba yake mdogo mara tatu, na mara zote zikamwambia jambo lisilowezekana. Kazi yenyewe haina uchawi. Unamketisha mfanyakazi ndani ya kibanda, unamvika hedifoni, unampigia milio, naye anabonyeza kitufe kila anaposikia. Kwa kila mlio unaandika namba ya sauti ndogo kabisa aliyoisikia. Namba zinajumlishwa, jumla inalinganishwa na umri. Kundi la kwanza ni masikio mazima. La pili, unapewa onyo. La tatu, unapelekwa hospitali na ukumbi wa mashine hukanyagi tena.

Sasa huyu mzee wa miaka hamsini na tisa, aliyefuma nguo miaka thelathini na minne huku akikataa plagi za masikio kama mtoto anavyokataa dawa chungu, ametoka na masikio ya kitoto kichanga!

Kiwandani walimwita Redio, maana hakuwa na swichi ya kumzima. Muuguzi alimkumbuka tangu zile Jumamosi za utotoni alipokuwa akimpelekea marehemu baba yake chakula kazini. Aliwakuta ndugu hao wawili kwenye mashine zinazotazamana, vumbi la pamba nyusini, wakipiga soga kwa midomo tu katikati ya kelele za kupasua kichwa, wakicheka mpaka machozi. Jioni walirudi pamoja nyumbani kula. Redio alianza kuhadithia tangu mlangoni. Baba aliketi kimya, akitabasamu, na watoto walipompa habari za shule aliitikia kwa kichwa tu. Siku zile zilikuwa tamu. Angetoa chochote arudishiwe moja.

"Baba mdogo, turudie," alisema. "Ila geuza kiti, utazame ukuta."

"Ukuta una nini?" Redio alicheka. "Mimi napenda kukuona wewe, mwanangu. Umefanana na kaka."

"Unapenda kuliona bega langu."

Kicheko cha Redio kikakatika. Kupitia kioo cha kibanda alikuwa akiliona bega la muuguzi likishuka kila alipopiga mlio, na mtu aliyesoma midomo maisha yake yote hashindwi na bega.

"Nimebakiza miezi kumi nistaafu," alisema taratibu. "Wakinitoa pale watanipa ufagio. Niandike la pili, mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na hicho kidogo unachosikia kitakwisha."

Alinung'unika, lakini aligeuza kiti. Muuguzi akapiga mlio. Kidole gumba cha mzee kilikaa juu ya kitufe, tayari kabisa, kikisubiri. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Kidole hakikusogea. Muuguzi alilia kidogo, kwa kuwa mzee alikuwa amempa mgongo, kisha akajifuta na kuandika tatu.

Redio alipotoka kibandani aliitazama fomu, akashusha pumzi. "Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Muuguzi alisogea mbele yake, uso kwa uso, ili midomo ionekane vizuri. "Baba naye alikuwa hivi?"

"Kaka? Huyo alinitangulia kwa miaka. Si mlidhani ni mpole!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Kila asubuhi tukija kazini alikuwa ananiuliza, 'Jana wanangu walisema nini?' Nyinyi aliwaonea haya."

"Nawe ukamwambia?"

"Nilimwambia mengi. Kwamba umekuwa wa kwanza darasani. Kwamba umesema ukikua utakuwa muuguzi, umtibu yeye. Alikuwa anafika getini anacheka peke yake."

Muuguzi alijaribu kukumbuka ni siku gani aliyasema hayo. Hakukumbuka.

Redio aliinama, akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Mlikuwa mnaongea wote kwa pamoja, midomo imejaa chakula. Nisamehe, mwanangu. Mimi mwenyewe sikuwa nasikia kitu."