Gari Lililomrudisha Takuro

Asubuhi ya kwanza ya sikukuu ya wafu, Isamu Kuwabara aliliosha gari lake kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji matupu, akalifuta kwa kitambaa laini mpaka kwenye vishikio vya milango. Kisha akaliendesha polepole hadi kwa Mama Fumie Nagumo, akaliegesha mbele ya nyumba, pua yake ikielekea mlangoni. Mama Fumie alitoka na kopo la chai ya shayiri, akalizunguka mara moja, akasema bado ni zuri.

Gari lenyewe lilikuwa Tsubame, yaani mbayuwayu. Jeupe, la milango miwili, bapa kiasi kwamba mtu mwenye mgongo mbovu haingii bali anatumbukia. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti mpaka dereva aziamshe. Isamu alilipenda tangu akiwa mwanafunzi. Siku hizo yeye na Takuro, mtoto pekee wa Mama Fumie, walikuwa wakipanda mlimani kwa baiskeli kila Jumapili, wakakaa ukingoni pale kona inapobana, wakangoja wenye Mbayuwayu wapite. Likitokea moja, waliacha hata kutafuna.

"Iko siku nitaikata kona hii wewe umekaa kando yangu umeshika mlango, unamwita mama yako," Takuro alimwambia.

"Mama nitakayemwita ni wako," Isamu alijibu, "aje aone mwanawe anavyoliingiza gari mtaroni."

Walipomaliza shule, waliajiriwa wote wawili katika kiwanda kilicholiunda, kule chini kando ya mto. Takuro alipangiwa milango ya kushoto. Aliifunga milango ya gari ambalo hakuwa na uwezo wa kulinunua, na jambo hilo halikumuudhi. Alisema angalau analishika. Kilichomuua ni saa za kazi. Saa kumi na moja jioni watu waligonga kadi za kutoka, wakageuka, wakarudi kazini mpaka msimamizi atakaporidhika, na msimamizi hakuwa mtu wa kuridhika. Takuro alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kampuni ilisema moyo wake ulikuwa dhaifu. Ilisema pia kwamba kwa mujibu wa kadi alikuwa akitoka mapema, kwa hiyo huenda alikuwa na starehe zake za usiku. Waliyasema hayo mbele ya mama yake mzazi, wakiwa wamefunga tai. Isamu alisimama akaeleza ukweli, akafukuzwa kazi, na tangu hapo anaendesha basi la watoto wa chekechea.

Mama Fumie alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mkubwa mmoja wa kampuni aje nyumbani kwake, apige magoti mbele ya picha ya Takuro, atamke kwamba ni kazi yao iliyomuua. Hakutaka fidia. Walimnyima miaka nenda miaka rudi, kwa adabu kubwa, na hakuna kinachochoma kama kunyimwa haki yako na mtu anayekuinamia.

Sasa, sikukuu ya wafu ina taratibu zake. Marehemu hutengenezewa usafiri wa kuja nyumbani na kurudi kwao. Tango huchomekwa vijiti vinne likawa farasi, ili waje mbio. Biringanya huchomekwa vijiti ikawa ng'ombe, ili waondoke kwa mwendo wa kuvuta miguu, maana nani ana haraka ya kuwaaga? Lakini mwaka huu Isamu alikuwa amelipata Mbayuwayu kwa mjane mmoja aliyelifungia bandani tangu mumewe afe, na Mama Fumie alipoliona alisema, "Matango yapumzike. Mtoto yule hakuwahi kupenda farasi." Na kwa kuwa gari huenda na kurudi, biringanya nazo alizikaanga. Hapo ndipo walipokosea.

Jioni waliwasha moto mdogo wa kumkaribisha. Taa za gari zikainuka. Mlango wa kushoto ukafunguka na Takuro akashuka, ovaroli ya kijivu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mlango huu niliufunga mimi," alisema, akiusukuma kwa kiganja. "Sikia unavyokaa. Isamu, hicho kitambi umekitoa wapi?"

"Kwenye bia."

"Na nywele?"

"Nilikuachia wewe."

Mama Fumie alimwambia avae kiatu na anawe mikono, chakula kinapoa. Takuro alikula wali, samaki, na biringanya zote.

Sikukuu ilipokwisha, moto wa kuaga ukawashwa mtaa mzima na marehemu wa majirani wakaenda zao. Takuro aliingia garini akafunga mkanda. Gari likaunguruma palepale, halikusogea hata hatua.

"Kwani njia huijui?" Isamu aliuliza.

"Ya kule siijui. Naijua ya kiwandani." Takuro aliangalia saa ya ukutani kupitia dirishani. "Kesho siku ya kazi, bwana. Wenzangu watakuwa wanahangaika peke yao."

Mama Fumie alimkatalia, akamsihi, akamfichia kile kiatu. Kesho yake jioni Takuro alikaa garini na mguu mmoja mtupu, akaomba samahani kwa kusumbua, akasubiri. Isamu hakuweza kumtazama akikaa hivyo. Alimpeleka. Mlinzi wa getini alimpa kiatu cha akiba, na msimamizi, ambaye siku hizo alikuwa na upungufu mkubwa wa watu, akampa glavu. Kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuunda Mbayuwayu. Sasa kinaunda magari ya familia yaliyokaa kama majokofu. Takuro alipangiwa milango ya kushoto. Habari ya mshahara haikuzungumzwa, kwa kuwa jina lake lilishaondolewa miongoni mwa walio hai.

Isamu aliona hapo kuna faida moja. Shahidi amepatikana. Alimchukua Mama Fumie, wakaenda kwa mkuu wa utumishi, Bwana Hoshikawa, kijana msafi aliyekuwa bado shule ya msingi Takuro alipokufa.

"Mwite umuulize mwenyewe," Isamu alisema.

Takuro aliitwa. Alisimama mikono ikiwa imebana ubavuni, akaeleza yote bila kuficha: kadi zilivyogongwa, watu walivyorudi, alivyolala wakati amesimama. Mama Fumie alimshika Isamu mkono. Kisha Takuro akainama mpaka mgongo ukawa bapa.

"Naomba radhi," alisema, "kwa kutokuwepo kazini miaka yote hii bila taarifa."

"Usijali, usijali," Hoshikawa alisema. Akamgeukia mama. "Mama yangu, nakuelewa. Lakini tufikirie pamoja. Mtu anayefika kazini kila jioni, atakuwaje alikufa kwa kazi?"

Isamu alipiga meza kwa ngumi. Haikupasuka. Vitu vya kampuni vimetengenezwa na watu wasiolala, ni imara.

Ikabaki Jumapili, siku pekee ambayo Takuro hakuwa na zamu. Isamu alimpeleka mlimani. Alikuwa ameingoja siku hiyo karibu maisha yake yote: barabara kavu, misonobari pande zote mbili, injini inaimba ile sauti nyembamba ambayo walikuwa wakiiga kwa midomo wakiwa darasani. Alilipeleka gari kwenye ile kona inayobana, akapunguza gia, akaikata vizuri kuliko alivyotarajia kwa umri wake, akageuka kumwona mwenzake akilia au akicheka.

Takuro alikuwa amelala. Alilala mlima mzima, kupanda na kushuka, mdomo wazi, mikono ikicheza magotini kama inayokaza skrubu. Isamu alisimamisha gari njiani akatukana, kwanza kampuni, kisha mlima, kisha yeye mwenyewe. Takuro hakuamka.

Mwisho wa wiki iliyofuata Hoshikawa alikuja nyumbani. Alileta tikiti la zawadi ndani ya sanduku la mbao. Mama Fumie alikuwa amepewa habari mapema. Alivaa nguo yake nyeusi, akafuta vumbi kwenye fremu ya picha, akamwita Isamu aje ashuhudie. Takuro alikuwa ameketi chini ya picha yake, anakula tambi baridi. Hoshikawa alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mama Fumie alifumba macho kusikiliza.

"Bwana Nagumo," Hoshikawa alisema, na hakuwa akiiambia picha, "tuna maagizo mengi msimu huu. Tunakuomba utusaidie na Jumapili."

Takuro aliweka vijiti vya kulia chini. "Itakuwa heshima kwangu."

"Sema mlimuua," Mama Fumie alisema.

"Mama, kijana anaendelea vizuri. Tangu arudi hajakosa hata zamu moja."

"Nimesema utamke mlimuua! Takuro, basi mwambie wewe!"

Takuro alimtazama mama yake kwa huruma. "Mama, watu ni wachache kweli."

Mama Fumie alichukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele ya mgeni, akaenda nacho barazani, akakimwaga bustanini. Hoshikawa alimshukuru kwa chai.

Isamu alimsindikiza nje, kwa kuwa alitaka kumpiga mbali na macho ya mama. Hoshikawa akafungua buti la gari lake. Lilikuwa limejaa masanduku ya matikiti, na juu ya kila sanduku kulikuwa na jina la ukoo na mtaa. Isamu aliyasoma. Mengine aliyajua: yule wa chumba cha rangi, yule aliyejirusha kutoka bwenini, yule wa mashine ya kukandamiza mabati, yule aliyesinzia kwenye usukani akirudi nyumbani alfajiri. Mengi hakuyajua. Miaka yote kampuni ilikuwa imeapa kwamba hakukuwa na mwingine, ni Takuro peke yake na moyo wake dhaifu.

"Hawa wote?"

"Nina nyumba nyingi za kupitia leo," Hoshikawa alisema. "Wana wao wakiitwa kwa magari waliyoyapenda, wakarudi kama Takuro, tutapumua."

"Na hizi nyumba mmezijuaje?"

"Tulikuwa tunazijua siku zote."

Isamu alimpiga. Hoshikawa aliokota miwani yake kwenye changarawe, akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka kwa mwendo wa taratibu ili masanduku yasigongane.

Jumapili jioni Mama Fumie alifunga matonge ya wali, kwa sababu mama hawezi kumwacha mtoto aende na njaa, hata akienda kwa watu wale. Alijibana kwenye kiti cha nyuma, magoti yakigusa kidevu. Alisema atasimama getini mpaka mmoja wao atamke. Isamu aliwasha gari. Alikuwa analipenda bado, na hilo lilimkera kuliko yote: kitu alichokitamani tangu ujana amekigeuza gari la kubebea wafanyakazi.

Barabara ya mtoni ilikuwa na foleni. Magari ya zamani, yaliyofufuliwa mabandani, yaling'arishwa kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiyapenda; kwenye usukani wazee, wajane, mama mmoja aliyevaa kanzu nyeusi ya msiba. Kando ya kila mmoja alikaa kijana wa ovaroli ya kijivu. Kampuni ilikuwa imepaka mistari mipya ya maegesho, na rangi ilikuwa haijakauka.

Mlinzi aliinama kwenye dirisha.

"Unayemleta ni hai au marehemu?"

"Marehemu," Isamu alisema.

"Alifia wapi?"

"Humu humu!" Mama Fumie alipiga kelele kutoka nyuma. "Humu ndani mwenu!"

Mlinzi alimwinamia kwa heshima.

"Basi ni lango la kushoto, mama," alisema. "Na wewe, baba, sogeza gari mbele kidogo. Kuna wengine nyuma yako."