Ua Jike Juu ya Paa

Ua lilimpiga wifi usoni, kati ya pua na jicho, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nyumba ile ikasikia kicheko.

Alikuwa ameinama kando ya kitanda cha kaka yake, ananusa. Ua lilikuwa jekundu lenye madoa meusi, na katikati yake zilichomoza nyuzi mbili nyembamba kama sharubu za panya. Pua yake iligusa uzi mmoja tu. Tap! Kidonge cha njano chenye gundi kikaruka na kumganda shavuni.

"Mungu wangu! Limenitemea mate!"

"Halijakutemea," kaka yake alisema kutoka kwenye mito, akicheka na kuhema kwa pamoja. "Limekuchumbia. Hiyo ni chavua. Limekudhania nyuki."

"Kwa mwili ule?" mke wake aliuliza, akiwa amesimama mlangoni na beseni. "Nyuki gani huyo? Labda limeona mzinga mzima."

"Wifi, nitakumwagia hilo beseni, shauri yako."

"Hayo mengine usiyaguse, dada," mgonjwa aliongeza haraka. "Kila ua hufyatua mara moja tu. Nayahitaji."

Alitaka kusema zaidi, lakini kicheko kilikuwa kimeshageuka kikohozi. Mkewe aliweka beseni chini, akamshika mabega, akampa kitambaa. Kikohozi kilipoisha alikikunja kitambaa bila kukitazama. Alikuwa amejifunza kutokitazama mpaka awe nje ya chumba.

Mgonjwa huyo watu wote walimwita Fundi. Alikuwa amekata vioo tangu ujana wake, akisaga kingo zake katika karakana ambayo, kwa maajabu ya dunia, haikuwa na hata dirisha moja linalofunguka. Vumbi la kioo lilimwingia pole pole, mwaka baada ya mwaka, na sasa daktari alisema mapafu yake yamekuwa magumu na hayatalainika tena. Alisema hivyo huku akitazama kalamu yake.

Mke alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Fundi alikuja pale kubadilisha kioo cha mlango, akarudi kesho yake kukisafisha kioo ambacho hakikuwa kichafu, na kesho kutwa tena. Tangu siku hizo alimwita Mama Pasi. Hawakujaliwa mtoto, na wageni wasiojua waliuliza kila mara huyo Pasi anasoma wapi. Mwanzoni swali lilimchoma. Baadaye waliligeuza mzaha wao: Pasi kachelewa kurudi, Pasi kagoma kula, Pasi kaomba viatu vipya.

Maua hayo, yaitwayo okidi, yaliingia nyumbani mwao kwa njia ya kioo vilevile. Bibi mmoja mwenye banda la mimea alimwita Fundi amtengenezee paa lililopasuka, na kazi ilipokwisha akampa vipande vitatu vya mmea wa ajabu, vinene na vya kijani kama ndizi mbichi. Akamweleza kwamba mimea mingi ya jamii hiyo hubeba dume na jike ndani ya ua moja, lakini hii hutoa maua dume peke yake na maua jike peke yake. Ukiiweka kivulini, itakupa dume. Ukiipa jua kali na chakula cha kutosha mpaka ishibe nguvu, ndipo huenda ikakupa jike. Huenda.

Kwa miaka yote Fundi alikuwa amepata dume tu. Nyumba yao ilikuwa ya chini, imebanwa na kuta za jirani pande zote, na dirishani jua lilipita kama mgeni asiyetaka kukaa. Alipougua ndipo alipoanza kulizungumzia jike kama mtu anayezungumzia safari.

"Nikiona ganda moja la mbegu, nitaridhika," alimwambia mkewe. "Maisha yangu nimekata vioo, Mama Pasi. Kioo ukikiweka kwenye udongo miaka mia, utakikuta kioo kilekile. Nataka niache kitu kinachoota."

Basi mmea mmoja ukabaki kando ya kitanda, kwenye mwanga hafifu, utoe dume. Ule mwingine, mkubwa, aliokuwa akiupenda zaidi, aliukubali upelekwe juu ya paa la zege kwenye jua. Alijua hataweza kupanda ngazi kuuona. Siku ulipotolewa chumbani aliusindikiza kwa macho mpaka mlangoni, kisha akageukia ukuta.

Kuanzia hapo Mama Pasi alikuwa mikono na miguu yake. Kila jioni akitoka kazini, mikono ikinuka mvuke na wanga, alipanda ngazi kuhudumia mmea, kisha akashuka kutoa taarifa, na Fundi akampa maagizo. Msimu wa usingizi wa mmea, majani yote yakipukutika, usiupe hata tone, maji yatauozesha. Mizizi mipya ikirefuka, ndipo umwagilie. Na agizo moja alilirudia mpaka mkewe akalijua kama jina lake, kwa sababu mwaka uliopita kuoza kulikuwa kumewaulia mmea wa tatu katika muda mfupi: "Ukiona kitu cha kijani-njano kimevimba, kimekaa kama donda, usije kuniuliza. Usisubiri kesho. Chukua wembe, uchovye kwenye spiriti, kata."

Kuhusu ua jike lenyewe hakumweleza kitu. Au tuseme, alimweleza kwa namna yake.

"Likoje?" Mama Pasi alimuuliza siku moja, akimnyoa ndevu.

"Jike? Aa, Mama Pasi." Alifumba macho kama mtu anayeonja asali. "Haya madume unayoyaona ni watumishi wa mlangoni tu. Ukimwona malkia mwenyewe, utasahau hata jina langu."

"Piga chuku tu. Nitakukata shavu."

"Utanisahau, naapa. Utahamia juu ya paa."

Na kikonyo kilipochomoza juu ya paa na kubeba matumba matatu, Fundi aliinua mkono kumzuia mkewe asiendelee. "Usiniambie yakoje. Usiniambie kitu mpaka yafunguke. Niachie raha yangu." Dume kando ya kitanda lilikuwa tayari limechanua, ilibaki jike tu liwahi kabla dume halijanyauka. Wala hakuna aliyesema kwa sauti kwamba kuna mwingine pia wa kuwahiwa.

Jioni ya tukio Mama Pasi alipanda ngazi akiwa amechoka. Zege lilikuwa bado la moto chini ya ndala zake. Alifika kwenye mmea, akasimama.

Matumba yalikuwa yamefunguka, lakini hayakuwa maua. Yalikuwa vitu vinene vya kijani iliyochanganyika na njano, vimepinduka juu chini, kila kimoja kimevimba kama kofia ya chuma ya askari, ndani yake shimo lenye unyevu. Hapakuwa na jekundu. Hapakuwa na madoa wala sharubu. Alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kigumu na baridi, kama sikio la maiti. Akatafuta malkia katika vitu vile, hakumwona. Alichoona ni ugonjwa wa mwaka jana umerudi, umelikuta ua likiwa changa na kulivimbisha, na sasa utashuka kwenye kikonyo mpaka kwenye shina.

Alitamani kushuka kumuuliza. Alikumbuka: usije kuniuliza. Alifikiria kungoja asubuhi. Alikumbuka: usisubiri kesho. Wembe na kichupa cha spiriti vilikuwa palepale, chini ya tangi la maji. Akapiga moyo konde, akakata kikonyo chote chini kabisa, sawasawa kama alivyofundishwa, akapaka mdalasini wa unga kwenye kidonda, kuzuia kuoza.  Alijisikia, kusema kweli, mtu wa maana.

Alishuka na kikonyo ndani ya ndoo, akaiacha mlangoni, akaingia.

"Fundi, usishtuke. Maua yaliingiwa na ugonjwa. Lakini nimewahi. Mmea uko salama."

Wifi, aliyekuwa akimlisha kaka yake, alishusha kijiko. 

"Ugonjwa wa namna gani?"

"Ule ule. Kijani-njano. Yamevimba kama kofia za askari, yameangalia juu chini. Nimekata yote, kama ulivyosema."

 Uso wa mgonjwa haukubadilika. Ni mkono wake tu, juu ya shuka, ulioanza kukunja kitambaa, ukakunjua, ukakunja tena.

"Umeyatupa?"

"Yako kwenye ndoo."

"Niletee."

Aliyaleta. Fundi alikipokea kikonyo kwa mikono miwili, jinsi watu wanavyopokea kichanga, akakilaza kifuani. Hapo ndipo harufu ilipomfikia Mama Pasi. Juu ya paa upepo ulikuwa umeichukua. Ilikuwa harufu ileile ya dume lililokuwa kando ya kitanda, nzito na tamu, haina tofauti hata chembe.

 Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Hili ndilo," alisema. Haikuwa swali.

"Umefanya vizuri. Ulifuata nilivyo..."

"Fundi. Usinidanganye. Hili ndilo jike?"

"Ndilo."

"Ulisema malkia."

"Nilikuwa nakutania." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Yule bibi aliniambia mapema, ua jike ni baya, la kijani, kama kofia. Nilitaka upande kule juu umevaa vizuri, ukutane na sura ile, kisha ushuke unipige na kitambaa. Nilikuwa nakiwazia kile kipigo, Mama Pasi. Kila siku nilikuwa nakiwazia, nalala hapa nacheka peke yangu."

Hakumpiga na kitambaa. Aliinamisha kichwa kwenye miguu yake, juu ya shuka, na mgongo wake ukatikisika. Wifi alisimama na bakuli lake, akatazama dirisha.

Fundi alimgeukia. "Dada, lete glasi ya maji. Na kijiti cha kiberiti."

"Kaka, si limeshakatwa?"

"Lete."

Walikiweka kikonyo kwenye glasi. Fundi alishika kijiti, akakisogeza kuelekea dume, lakini mkono ulikuwa unaruka hovyo. Mama Pasi aliinuka, akafuta uso kwa kiganja, akaushika mkono wake kwenye kifundo. Kwa pamoja wakagusa sharubu. Tap. Kidonge cha njano kikaganda kwenye ncha ya kijiti. Kwa pamoja wakakipeleka kwenye ua la kijani, ndani ya lile shimo lenye unyevu, na chavua ikakaa mahali pake.

"Litashika?" wifi aliuliza.

 Wote watatu walijua ua lililokatwa halina mmea wa kulilisha.

Hata hivyo lilianza. Asubuhi iliyofuata lile ua moja lilikuwa limejifunga, na shingo yake, pale linapoungana na kikonyo, ikanenepa kidogo. Fundi aliomba glasi isogezwe karibu. Alilitazama mchana kutwa. Hakuwa na pumzi ya kuzungumza tena, ila kila Mama Pasi alipoingia alimwonyesha kwa kidole, na yeye akaitikia, "Ndiyo, naona. Limekua." Na kweli lilikuwa limekua, upana wa ukucha labda.

Kisha njano ikaanza kukipanda kikonyo kutoka kwenye maji. Mama Pasi aliigundua kwanza, alipoingia kufungua pazia. Alijikaza, akaizungusha glasi taratibu ili upande unaokauka utazame ukutani.

"Usiligeuze," Fundi alisema nyuma yake. Hakujua kama yuko macho. "Nimeshaliona."

Akairudisha glasi ilivyokuwa. Akapanda kitandani na nguo zake za kazini, akalala ubavuni mwake, na siku hiyo hakwenda kupiga pasi. Walilitazama pamoja. Fundi alifariki kabla ua halijadondoka.

Baada ya mazishi wifi alikuja mara kwa mara, akisingizia kuleta hiki na kile. Msimu ulikuwa umegeuka. Siku moja alimkuta wifi yake juu ya paa, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mbele ya ile mimea miwili. Alikuwa ameupandisha na ule wa dume pia. Yote ilikuwa imepukutisha majani mpaka la mwisho. Yalibaki mashina tu, yamesinyaa, yana mikunjo kama vidole vya mtu aliyekaa sana kwenye maji.

"Wifi, hivi vitu vinakufa kwa kiu," alisema, na mkono ukaenda kwenye bomba la tangi.

"Usivipe maji."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Vimelala."

Wifi aliinama, akavikagua kwa mashaka, safari hii pua akiiweka mbali. "Na huu uliokatwa? Unajuaje umelala, haujafa?"

Mama Pasi aliutazama ule mmea mkubwa. Kidonda cha wembe kilikuwa kimekauka na kuwa cheusi chini ya unga wa mdalasini. Chini yake shina lilikuwa limekunjamana. Huenda lilikuwa hai kwa ndani, huenda halikuwa.

"Sijui," alisema. "Mpaka utoe mizizi."

"Na usipotoa?"

 Jua lilikuwa kali, linachoma visigino. Wifi alivuta kipande cha mbao, akakilaza kwenye zege, akakaa juu yake kando ya wifi yake, na bomba akaliacha limefungwa.