Erpat wa Jikoni

Miaka kumi na miwili nimekaa nyumba moja na Luming, binti wa mke wangu Ditas, na miaka yote hiyo ananiita Mang Doming, Mang lile lile la heshima analompa hata muuza barafu. Jina la Tatay, yaani baba, lilikuwa la marehemu baba yake, na hilo sikuligombea. Mimi roho yangu ilikuwa kwenye erpat.

Neno lenyewe ni letu, sisi vijana wa miaka ya sabini. Tulikuwa na wazimu wa kugeuza maneno nyuma mbele, wazee wasitushike. Tukalichukua "pater", yaani baba kwa Kilatini cha mapadre kanisani, tukalipindua: pat-er likawa er-pat. Tatay unamwita baba hata ukiwa umemnunia. Erpat ni yule unayemtania na kumpora soksi. Soksi zangu Luming kazipora sana tu, neno ndilo alilonibania.

Jumapili, mchana kweupe, wakwe wakaja kumposa, ukoo mzima, na masinia ya keki za wali. Shati langu la barong, la sherehe, lilikuwa kitandani limepigwa pasi, lakini mimi simwachii mtu tambi zangu. Basi wakanikuta jikoni na aproni, jasho linanichuruzika.

Babu wa bwana harusi, aliyetoka shamba siku hiyo, akapita moja kwa moja hadi kwa shemeji yangu Turing, mwenye kitambi na shati la kung'aa, akaanza kumwomba binti. Vijana wakapanga foleni kuugusisha mkono wa Turing kwenye vipaji vya nyuso zao. Bwana harusi anamvuta babu yake shati, mzee hana habari. Na Turing, mtu mzima hovyo, anagawa baraka.

Iliniuma, sifichi. Nikasema moyoni, haya, mpishi abaki mpishi.

Luming akasimama.

"Babu, huyo ni mjomba wangu," akasema kwa adabu. Kisha akageukia jikoni. "Erpat, hebu acha hizo tambi. Unaombwa binti yako huku."

Nilimsikia vizuri, masikio yangu hayana kasoro. Nikajifanya kiziwi, nikakoroga.

"Unasemaje?"

Alinijua. Akacheka, machozi yanamlengalenga.

"Erpat, njoo bwana. Tambi zinaungua."

Na kweli zilikuwa zinaungua. Nikaziacha.